Elfu Tano Gengeni: Maswali ya Mlo Bora kwa Mfuko Mdogo

Gengeni kwetu mauzo huanza jua likizama. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku: saidia fundi, kuli wa sokoni, mama anayefua nguo za watu. Juzi nilisimama nyuma ya mama mmoja aliyeshika noti ya elfu mbili iliyokunjwa mara nne, na kichupa kitupu cha mafuta. Akaagiza mchicha fungu moja, nyanya fungu moja, kitunguu, na mafuta kipimo kimoja.

"Niongezee basi, mdogo wangu," alisema.

"Tenga limepanda, mama yangu. Haya, chukua na hii." Nyanya moja iliyopondeka ubavuni ikaingia kapuni.

Mama akahesabu kichwani, kisha akakirudisha kitunguu mezani. Unga ulikuwa bado unamsubiri dukani kwa Mangi.

Ukutani kwenye kliniki nyingi kuna bango la mlo kamili. Mara nyingi pana samaki mzima, glasi ya maziwa, na tofaa jekundu lililosafiri kwa meli kutoka Afrika Kusini. Sina ugomvi na bango, ila halisemi mtu akirudishe kitunguu au aurudishe mchicha. Maswali yanayofuata ni yale yanayoulizwa gengeni na barazani, na majibu yamepimwa kwa hela ya siku.

Je, mlo bora ni wa wenye nazo tu?

Kwa kiasi kikubwa ndiyo, na afadhali lisemwe mapema kabla ya ushauri wowote. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, hukokotoa pamoja na wenzake gharama ya mlo bora wa bei ya chini kabisa katika kila nchi: nafaka na mizizi, mboga za majani na nyinginezo, matunda, vyakula vya wanyama, jamii ya kunde na karanga, na mafuta. Ripoti yao ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 2.8 duniani hawakuumudu mlo huo mwaka 2022. Katika nchi za kipato cha chini walikuwa asilimia 71.5 ya watu wote. Hakuna anayeweza kusema kwamba watu wote hao hawajui kupanga bajeti.

Hapa Tanzania Bara, utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa chakula kwenye Sh 33,748 kwa mtu mzima kwa mwezi. Gawa kwa siku 30, unapata kama Sh 1,125. Bei za leo ni nyingine, lakini tazama mstari wenyewe unapima nini: kilokalori 2,200 kwa siku, yaani nishati. Asilimia 8 ya watu walikuwa chini ya hapo. Ukiuliza ni wangapi wanapata nishati hiyo pamoja na madini ya chuma, vitamini A na protini ya kutosha, utakuwa umeuliza swali jingine, na jibu lake ni zito zaidi.

Nishati ni bei rahisi. Ugali unashibisha, wali unashibisha, muhogo unashibisha. Kinachokula hela ni mboga, kwa maana yetu wenyewe ya neno hilo: chochote kinacholiwa na ugali, kiwe mchicha, dagaa, maharage au nyama. Shilingi inapopungua, unga haupungui, mboga ndiyo hupungua hadi inabaki mchuzi. Kwa hiyo ukitaka kujua kaya inakula vizuri au vibaya, iache sufuria ya ugali, funua ya mboga.

Mbona mikoa inayolima sana ndiyo yenye watoto waliodumaa?

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao kutokana na lishe duni ya muda mrefu na maradhi ya mara kwa mara. Mikoa iliyoongoza ni Iringa, karibu asilimia 57, kisha Njombe na Rukwa, kila mmoja takriban nusu ya watoto. Hiyo ndiyo mikoa inayotulisha mahindi, viazi na maharage, na Njombe inasafirisha parachichi nje ya nchi.

Mahindi yakijaa ghalani, tumbo linajaa mahindi. Maharage na mayai yanauzwa ili ipatikane ada na mbolea. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto wa miezi minane kaachiwa dada wa miaka saba na kikombe cha uji mwepesi. Ongeza maji yasiyo salama na kuhara kusikoisha, na hata kile kidogo alichokula hakikai mwilini. Ndiyo maana wataalamu wanasisitiza siku elfu moja za kwanza, tangu mimba hadi mtoto atimize miaka miwili: maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita, kisha vyakula vya makundi mbalimbali huku akiendelea kunyonya. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani na UNICEF ni walau makundi matano kati ya manane kwa siku, na maziwa ya mama ni mojawapo. Moja la bure, basi, tayari analo.

Hela peke yake haitoshi, na bila hela mengine hayaendi. Yote mawili ni kweli.

Dona au sembe?

Dona, lakini usikimbilie. Mahindi yakikobolewa kupata sembe nyeupe, kiini na maganda huondoka, na humo ndimo zilimo vitamini za kundi B, chuma, zinki, mafuta mazuri na nyuzinyuzi. Pumba hizo huishia kwa kuku na nguruwe, ambao kwa hesabu hiyo wanakula vizuri kuliko sisi.

Tatizo ni sumukuvu. Ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu hutoa sumu ambayo moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2016 ilisababisha vifo Dodoma na Manyara. Sumu hiyo hukaa zaidi kwenye kiini na maganda, kwa hiyo dona la mahindi mabovu ni hatari kuliko sembe ya mahindi hayohayo. Usinunue unga wa dona ambao hujui mahindi yake yalikaaje. Nunua mahindi, yamwage kwenye ungo mchana kweupe, toa yaliyooza, yaliyobadilika rangi, yaliyovunjika na yaliyotobolewa na wadudu, kisha peleka mashineni. Saga ya wiki mbili hivi, kwa sababu mafuta ya kiini huchacha na unga ukaanza uchungu. Karanga nazo zichambue vivyo hivyo, na ile chungu mdomoni iteme.

Kama ni sembe unayoweza, tafuta iliyoongezwa virutubishi, na kiroba chake kitasema hivyo. Chumvi iwe ya madini joto. Haiongezi gharama ya kuhisika, na ni kinga ya kweli dhidi ya rovu.

Protini ipi inanipa zaidi kwa shilingi yangu?

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, maana hela nyingi hupotelea hapa.

Kilo moja ya maharage makavu ina protini ya gramu 220 hivi. Trei la mayai, yaani mayai 30, lina kama gramu 190. Kilo ya nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa ina takriban gramu 200. Kwa upande wa protini, basi, vitu hivyo vitatu vimekaribiana. Sasa nenda gengeni, buchani na kwa muuza mayai, uliza bei tatu za siku hiyo, uziweke pamoja. Sihitaji kukutajia mshindi.

Usahihi unadai niseme na upande wa pili. Protini ya nyama na mayai imekamilika zaidi, na chuma cha nyama hufyonzwa na mwili kwa urahisi kuliko cha maharage. Vitamini B12 haipo kwenye maharage kabisa. Lakini maharage yakiliwa na ugali au wali, kinachopungua upande mmoja hujazwa na wa pili. Wazee wetu wa wali-maharage na makande hawakusomea lishe, na hawakukosea.

Halafu kuna mkaa. Mtu akikuambia maharage ni rahisi, muulize ameyapika kwa nini. Maharage makavu yanaweza kukaa jikoni saa mbili na zaidi, na kopo la mkaa nalo lina bei. Kuna familia ninazozijua ambazo haziachi maharage kwa kuyachukia, zinayaacha kwa mkaa. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, upike kwa maji mapya: muda hupungua sana, na gesi tumboni hupungua. Njia nyingine ni kapu. Maharage yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu nusu saa nzima, maana yasiyochemka vizuri yana sumu ya asili inayotapisha, kisha sufuria ifunikwe na kuzikwa katikati ya nguo kuukuu ndani ya kapu lililobana. Yataendelea kuiva kwa joto lake yenyewe. Kabla ya kula yachemshe tena. Na kwenye masoko mengi ya Dar es Salaam yapo yaliyokwisha kuchemshwa, yanauzwa kwa kipimo. Ukijumlisha mkaa, wakati mwingine ndiyo nafuu.

Kunde, choroko na dengu huiva haraka kuliko maharage. Mbaazi ina kisa chake: mwaka 2017 India ilipozuia uagizaji, bei iliwaporomokea wakulima wa Kusini, nchi nzima ikahimizwa kula mbaazi. Pwani walishangaa kuhimizwa. Mbaazi za nazi na maandazi asubuhi ni jambo la miaka mingi.

Na dagaa. Huyu samaki amedharauliwa kwa sababu ni mdogo na ana mchanga. Zaidi ya nusu ya uzito wake akiwa mkavu ni protini, na kwa kuwa huliwa na mifupa yake, hutupa kalsiamu ambayo sato wa bei mbaya hakupi. Ukitaka kumnunua kwa hesabu, tazama mwezi. Dagaa wa Ziwa Viktoria na Tanganyika huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikikolea, taa haziwavuti tena na wavuvi hupumzika, na hapo bei hupanda. Nunua giza likiwapo, anika tena juani, hifadhi pakavu. Kwa mtoto, osha mchanga, kausha, kaanga bila mafuta, twanga, chekecha. Kijiko kimoja cha unga huo kwenye mboga yake kinafanya kazi ambayo makopo mengi ya dukani hujitangazia tu.

Matunda na mboga za majani: nitafikaje kiwango kinachotakiwa?

Shirika la Afya Duniani linataja gramu 400 kwa siku kwa mtu mzima, viazi na mihogo havihesabiwi. Ni nyingi. Kwa kaya ya watu watano ni karibu kilo mbili, na kwa matunda ya dukani haifikiki. Inasogeleka kwa majani: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, majani ya kunde, mnafu, mlenda. Kadiri jani lilivyo na kijani kilichokolea, ndivyo lilivyo bora, na hayo ya kukolea mara nyingi ndiyo ya bei ndogo. Kabichi ya mviringo iliyo nyeupe ndani inajaza sahani, ila matembele yanaishinda kwa virutubishi.

Mafuta kidogo kwenye majani hayo yanasaidia mwili kufyonza vitamini A. Mawese mekundu ya Kigoma yanaleta vitamini hiyo yenyewe, ilimradi usiyaunguze hadi yapauke. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, navyo vimejaa vitamini A. Waliovisambaza Afrika, akiwamo mtafiti Robert Mwanga wa Uganda, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016.

Matunda fuata msimu. Embe ni la Desemba, chungwa la Muheza ni la katikati ya mwaka. Anayenunua embe mwezi Julai analipia hamu. Papai na ndizi mbivu zipo karibu mwaka mzima, na papai moja lililoiva linagawanyika kwa familia.

Kisha jambo dogo lisilo na gharama yoyote: chai. Chai ya rangi au ya maziwa ikinywewa pamoja na chakula hupunguza chuma ambacho mwili ungekipata kwenye majani na maharage. Ndimu hufanya kinyume chake, huongeza. Sogeza chai mbali na mlo kwa saa moja hivi, kamulia ndimu kwenye mchicha. Kwa nchi ambayo takriban wanawake wanne katika kila kumi wana upungufu wa damu, hilo si jambo la kupuuza.

Na angalizo moja. Mchicha uliooteshwa kando ya mto wa mjini unaopitisha maji machafu unaweza kuwa na madini mazito, na hayo hayatoki kwa kuosha. Muulize muuzaji umetoka wapi. Akikasirika, una jibu lako.

Unga wa lishe wa nafaka saba ndio bora kwa mtoto?

Unauzwa ghali na unasifiwa sana: mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, vyote ndani ya mfuko mmoja. Lakini mahindi, mtama, ulezi, mchele na ngano ni ndugu. Kuvichanganya vitano hakumpi mtoto makundi matano ya chakula, bado ni kundi moja. Soya isiyokaangwa au kuchemshwa vizuri kabla ya kusagwa huzuia protini kumeng'enywa. Karanga zikisagwa pamoja na nafaka, unga huchacha upesi, na huwezi kujua tena kama zilichambuliwa.

Pika uji wa nafaka moja, ulezi kwa mfano, uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko. Karanga zilizochambuliwa na kusagwa pembeni zitie kijiko kimoja uji ukiiva, au maziwa, au yai lililopigwa na kuchemka vizuri. Itakugharimu pungufu ya ule mfuko, na utajua kila kilichomo.

Kwa nini maskini hununua ghali?

Kwa sababu ananunua kidogo. Fanya jaribio hili mara moja tu: chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, hesabu vipimo vingapi vya mafuta vinaijaza, zidisha kwa bei ya kipimo, kisha linganisha na nusu ya bei ya lita kwa jumla. Nimelifanya na majirani, na ukimya uliofuata haukuwa mfupi. Sukari ya robo, unga wa nusu kilo na mkaa wa kopo vyote vina mchezo huohuo.

Si ujinga. Mwenye elfu tatu mkononi hawezi kununua dumu la lita tano hata akijua hesabu zote. Kinachoweza kufanyika ni upatu wa chakula, ambao wanawake wa mtaani wameuendesha miaka mingi: watu kumi, mchango wa kila wiki kwa kijumbe, na badala ya kugawana fedha linanunuliwa gunia la maharage, gunia la mahindi na dumu la mafuta, vikagawanywa kwa mizani. Kwa mizani, nasisitiza. Vikundi vingi vimevunjika kwa kisado kilichobonyea.

Soda na biskuti za watoto je?

Soda ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hivi, karibu vijiko tisa vya chai. Sitaongeza maneno. Ila linganisha hela ya soda na biskuti ya kila siku na bei ya yai moja la kuchemsha. Anayekula kwa mama lishe naye aombe maharage na mchicha viongezwe na wali upunguzwe. Wengi hukubali bila kuongeza bei, maana mama lishe naye anataka urudi kesho.

Nina elfu tano leo, na tuko watano. Nianzie wapi?

Anzia kwenye mboga, unga uje mwisho. Tenga kwanza hela ya maharage au dagaa, kisha majani ya aina mbili badala ya mafungu mawili ya aina moja, kisha nyanya, kitunguu na ndimu, kisha mafuta. Kinachobaki ndicho cha unga. Ugali utakuwa mdogo kuliko uliozoeleka, na watoto watalalamika siku mbili tatu. Pakua mboga ya mtoto mdogo na ya mama mjamzito kwanza, kwenye vibakuli vyao. Kwenye sinia moja mkono mkubwa ndio hushinda, na mara nyingi mkono huo ni wa baba.